Alipima Gari Likiwa Macho

Mukhisa alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliwafundisha wote waliopitia mikononi mwake: gari lililo macho halipimwi. Aliishika kanuni hiyo mvua ikinyesha, mteja akifoka, njaa ikiuma. Aliivunja mara moja tu, huko Saboti, Jumamosi moja ya mwaka 2005, na wala hakuivunja kwa kusahau.

Kanuni yenyewe ilikuwa na sababu. Magari ya zamani, yale mapikapu ya wakulima wa mahindi, yalikuwa na tabia ya jembe: ukiliweka chini, limetulia. Fundi aliyetaka kujua kama kuna kitu kinachonyonya betri usiku alifungua kibano kimoja cha betri, akaunganisha taa ndogo hapo katikati, na taa ikiwaka alijua kuna mwizi. Kisha yakaanza kumiminika magari ya kutoka Japani yenye kompyuta kila pembe, ya milango, ya taa, ya kengele ya wezi. Magari hayo hayazimiki papo hapo. Mwenyewe akishafunga mlango na kwenda zake, kompyuta hubaki macho, zikisikiliza kama atarudi, halafu hulala moja baada ya nyingine kama watoto waliolazwa chumba kimoja. Zikiwa macho hunywa umeme mwingi. Zikilala hunywa tone tu. Fundi anayepima kabla hazijalala huona namba kubwa kwenye mita, akatangaza kwamba amemkamata mwizi, akaanza kung'oa nyaya zisizo na hatia. Kitale ilikuwa imejaa magari yaliyong'olewa nyaya namna hiyo.

Mukhisa hakuwa na haraka. Aliunganisha mita yake kati ya betri na kibano, akalifunga komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi ndipo aliposoma. Akiona namba bado iko juu, alichomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, na fyuzi iliyoishusha ndiyo iliyomwonyesha njia ya mwizi. Ole wake aliyeugusa mlango wakati huo. Gari lote liliamka, na kazi ikaanza upya.

Kwa subira hiyo alipata jina. Banda lake lilikuwa kwenye uwanja wa mafundi upande wa Matisi, hapo Kitale, kati ya mnyoosha bodi na mshona viti, na watu walimwita daktari. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Jina jema ni mali, lakini ni mali inayohitaji moyo mpana wa kulibeba, na moyo wa Mukhisa ulikuwa mpana mpaka pale alipojitokeza mtu mwingine anayeitwa kwa jina hilo hilo.

Mtu huyo alikuwa Hillary, bakoki wake.

Kwa Wabukusu, bakoki si rafiki wa kawaida. Ni mtu mliyepashwa tohara naye msimu mmoja. Mukhisa na Hillary walipakwa tope kwenye kijito kimoja karibu na Malakisi, asubuhi moja ya Agosti yenye baridi ya kukata masikio, wakasimama mbele ya kisu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyepepesa jicho. Baada ya hapo baba zao, waliokuwa wakulima wa tumbaku, hawakuwa na uwezo wa kuwapeleka mbele zaidi shuleni. Wakapanda pamoja mpaka Kitale, wakaajiriwa katika karakana moja kuosha vipuri kwa petroli, wakajifunikia blanketi moja. Kila walichojua kuhusu umeme wa magari walikijua pamoja, kwa kuungua vidole pamoja. Baadaye Hillary alirudi Bungoma, akafungua kibanda Kanduyi, na Mukhisa akabaki Kitale. Kwa miaka mingi walipigiana simu gari likimshinda mmoja wao, na yeyote aliyepata jibu alicheka kwanza kabla ya kulitoa.

Mwaka huo Hillary alikuwa amesema kwamba anafikiria kuhamia Kitale.

"Kuna chumba hapo nyuma ya mshona viti," alimwambia Mukhisa kwenye simu. "Tukae pamoja kama zamani, bakoki. Wewe hapa, mimi hapo. Nani atatuweza?"

"Njoo," Mukhisa alijibu. "Mji ni mkubwa."

Alisema hivyo kwa mdomo. Kimoyomoyo alikuwa tayari anahesabu ni wateja gani wangegeuza shingo.

Sasa palikuwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Jerono, mkuu wa shule ya wasichana kule Saboti, mwanamke mwenye sauti ya pole na macho yasiyopitwa na kitu. Gari lake, saluni nyeupe, lilikuwa limeanza kukataa kuwaka kila Jumatatu asubuhi. Wakati mwingine hata Jumatano. Alilipeleka kwa Mukhisa, akaliacha. Mukhisa alifuata kanuni yake, akalilaza, akalipima, na mita ikaonyesha tone tu, gari lisilo na ugonjwa wowote. Alijaribu alteneta, ikawa nzima. Alijaribu betri, ikawa nzima. Akalirudisha. Jumatatu likakataa kuwaka. Lilirudi kwake tena, na mara nyingine tena, na kila mara lilipokuwa kwenye uwanja wake lilikuwa na adabu kama mtoto wa mchungaji, na kila mara liliporudi Saboti liliwaaibisha wote wawili, mwenye gari na fundi. Wanafunzi walilisukuma kila wiki, wakiimba.

Mwalimu Jerono hakugomba. Alisema tu, "Fundi, nafikiri tutafute macho mengine pia." Alikuwa mwenyekiti wa kundi la wakuu wa shule za upande ule, na shule hizo zilikuwa na mabasi na magari, na kwa muda mrefu alikuwa ameahidi kumtafutia Mukhisa kazi ya kuyatunza yote. Ahadi hiyo Mukhisa alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

Ijumaa ya wiki hiyo Hillary alitokea kwenye uwanja wa mafundi, mkoba wa vifaa begani, akicheka tangu mbali.

"Sasa, bakoki."

"Poa. Umepotea njia?"

"Mwalimu wa Saboti amenipigia simu. Ati kuna mtu amempatia namba yangu. Nikasema siwezi kupanda huko bila kupitia kwako."

"Kwani gari ni yangu?"

"Mteja ni wako, bana. Ukisema nirudi, narudi saa hii."

Kibiwott, mnyoosha bodi wa banda la jirani, aliweka nyundo chini ili asikie vizuri. "Daktari ameletewa daktari," alisema. "Usinune, Mukhisa. Hata hospitali ya hapa ikishindwa inatuma mgonjwa Eldoret."

"Nani amenuna?" Mukhisa alisema. "Nenda, Hillary. Ukipata ugonjwa, uniambie."

Hillary alimshika mkono kwa mikono miwili, akaenda kutafuta mahali pa kulala kwa binamu yake. Mukhisa alirudi kwenye kazi yake, akakaza nati mpaka ikakatika.

Nyumbani, mkewe Nelima hakuona shida iko wapi.

"Baba Derrick, si afadhali ni Hillary kuliko mtu mwingine?"

"Afadhali mtu mwingine."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwepo, ila si la kumwambia mke. Wivu hauna haja na mgeni. Hakuna anayemwonea wivu fundi wa Mombasa asiyemjua. Wivu hutafuta yule mliyelala naye blanketi moja, kwa maana ndiye pekee ambaye kufaulu kwake kunakuuliza ulikuwa wapi. Mukhisa alilala akijisemea ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako, akimfikiria Hillary. Haikumjia kwamba nguo ilikuwa yake na mdudu alikuwa wake pia.

Asubuhi alimwambia Nelima kwamba anakwenda Saboti kutafuta viazi. Viazi vilikuwa vimejaa soko lote la Kitale. Nelima alimpa mfuko, akamtazama akiondoka.

Alifika kwa Mwalimu Jerono mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, kama nyumba zote za upande ule wa mlima, na gari lilikuwa limeegeshwa uani, pua ikitazama juu na matako yakitazama bondeni. Boneti ilikuwa wazi. Mita ya Hillary ilikuwa imelala juu ya betri, nyaya zake zimeshikizwa vizuri, na komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa bisibisi. Kazi safi. Mukhisa aliitazama akatamani iwe chafu.

Hillary mwenyewe hakuwa uani. Alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha kitambaa, kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, mkononi, akizungumza na mwalimu kama mjomba wa nyumba.

Hili lilimchoma Mukhisa mahali pasipoonekana. Kwa miaka yote aliyomhudumia mwalimu huyu, siku alizofika hapa alinyweshwa chai uani, amekaa juu ya gurudumu la akiba. Huyu, siku ya kwanza, ameketishwa kwenye kitambaa. Angeuliza angeambiwa ukweli rahisi, kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, na mtu anayengoja gari lilale hana la kufanya nje. Lakini mwenye wivu haulizi. Yeye huwa na majibu tayari.

"Bakoki!" Hillary alisimama, akamwaga mursik kidogo kwenye suruali. "Mungu amekuleta. Njoo uone kitu. Mwalimu, huyu ndiye fundi. Mimi nimekuja tu kumalizia."

Alimvuta mpaka nyuma ya gari.

"Wewe ulipima wapi hii gari?"

"Kwangu. Kwani unapimia wapi, kanisani?"

"Na kwako ni tambarare kama meza. Hapa inalala aje? Pua juu. Sasa angalia kifuniko ya buti." Alikisukuma kwa kidole. Kilicheza, kidogo sana, unene wa kucha. "Komeo limelegea. Gari ikipanda hivi, kifuniko kinarudi nyuma, ile swichi ndogo inaachia. Kompyuta inasema buti iko wazi, mwenyewe bado anatoa mizigo. Inakaa macho inamngojea mpaka asubuhi. Ukiipeleka kwako, kifuniko kinakaa sawa, swichi inabonyezwa, inalala. Ulipima sawa, bakoki. Ni mahali tu. Mgonjwa huyu alitaka kupimwa kwa kitanda yake."

Mukhisa alielewa kabla Hillary hajamaliza. Ilikuwa rahisi, ilikuwa nzuri, na ilimpita. Alikuwa amefika uani hapa mara nyingi kuwasha gari hili kwa betri ya kuazima, miguu yake mwenyewe ikiteleza kwenye mteremko huu, na hakuwaza kupima hapo hapo. Kanuni yake ya kulilaza gari aliishika, lakini hakujiuliza linalala wapi.

"Na nimemwambia mwalimu," Hillary aliendelea, "kwamba Mukhisa hakukosea."

Labda kama Hillary angejisifu, mambo yangekwenda vingine. Mtu anayejisifu hukupa mahali pa kushika. Lakini huyu alimpa sifa ambayo Mukhisa hakuistahili, mbele ya mteja, kwa moyo mweupe, na hakuna kitu kinachomkera mwenye wivu kama kutetewa na yule anayemwonea kijicho.

Hillary alikata kipande cha kandambili kuukuu, akakibandika nyuma ya swichi ili ibonyezwe hata kifuniko kikirudi nyuma. Akafunga buti, akahakikisha kila mlango, akaunganisha mita upya. Namba ilipanda, kama ilivyo kawaida ya gari lililotoka kuguswa.

"Sasa tuiache ilale," alisema, kisha akatazama juu, mahali jua lilipofika. "Lakini mimi sina muda. Watu wanakuja leo Bungoma kwa mambo ya mahari ya dada yangu, na mimi ndiye kaka mkubwa. Nikichelewa watasema msichana hana wenyewe." Alimgeukia mwalimu aliyekuwa mlangoni. "Mwalimu, ikishalala, hii namba itashuka karibu na sifuri. Bakoki yangu atakuonyesha. Ukiona imeshuka, ugonjwa umeisha."

"Na isiposhuka?"

"Isiposhuka, mimi ni mwongo, na usinipe hata salamu."

Mwalimu alicheka. "Ikishuka nitazungumza na wenzangu. Ni vizuri kujua kuna mtu."

Mtu. Mukhisa alilisikia neno hilo likipita juu ya kichwa chake. Ndiyo ile kazi ya mabasi ya shule, aliyolala nayo na kuamka nayo, ikikabidhiwa mwingine mbele yake kana kwamba yeye ni gurudumu la akiba.

Hillary alimshika bega. "Nimalizie, bakoki."

Akashuka mteremko mbio mbio, mkoba ukimpiga mgongoni.

Mwalimu aliingia ndani kusahihisha vitabu. Mukhisa alibaki na gari peke yake. Alingoja kama alivyozoea kungoja, na gari likafanya kama alivyojua litafanya. Namba ilishuka hatua kwa hatua, kompyuta moja ikalala, nyingine ikafuata, mpaka likabaki lile tone tu la gari lenye afya. Ilikuwa kazi iliyokamilika. Kilichobaki ni kumwita mwalimu aje aone.

Wako watu wanaosema kwamba hasira hupofusha, na kwamba mtu akitenda ubaya wakati huo hakujua afanyalo. Mukhisa hakuwa na kisingizio hicho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia kabisa, na aliiona kila hatua kabla ya kuikanyaga. Alichomoa bisibisi kwenye komeo. Aliufungua mlango wa dereva. Taa ya ndani ikawaka, gari likaamka lote, na namba kwenye mita ikaruka juu kama panzi. Akaegemeza mlango bila kuufunga ili usionekane uko wazi, akazunguka mbele, akaita.

"Mwalimu. Njoo uone."

Jerono alitoka, kalamu nyekundu ingali mkononi. Aliinama juu ya boneti.

"Inasema tatu na kitu. Si alisema karibu na sifuri?"

"Mita haidanganyi, Mwalimu."

Na ilikuwa kweli, mita haikudanganya. Huo ndio uchafu wa jambo lenyewe. Mukhisa hakutamka uongo hata mmoja. Alichukua namba ya kweli akaifanya iseme uongo kwa niaba yake, akaweka mikono mfukoni.

"Kwa hivyo hajatengeneza kitu?"

"Mimi siwezi kusema mambo ya mwenzangu."

"Sema tu. Nimekuuliza."

"Hillary ni mtu wangu. Lakini watu wengine wanapenda kumaliza haraka. Amekimbilia mahari."

Mwalimu alinyoosha mgongo. Macho yake yasiyopitwa na kitu yalitazama njia aliyoteremkia Hillary, na hayakutazama mlango wa gari. Hakuna sababu angeutazama. Alikuwa mwalimu wa historia, na aliye mbele yake alikuwa fundi aliyemwamini kwa miaka.

"Basi nitazamie wewe," alisema. "Nisamehe nilikuruka."

Mukhisa aliufunga mlango, akachukua spana, akalala chini ya gari kwenye tope, akagongagonga chuma kisicho na kosa. Alifungua buti akaifunga. Hakukigusa kipande cha kandambili, kwa sababu alijua ndicho kilichotibu. Muda wa kutosha ulipopita, gari likiwa limelala kwa mara ya pili siku hiyo, alimwita mwalimu tena. Namba ilikuwa tone. Jerono alipiga makofi mara moja, kama anavyofanya darasani mtoto akipata jibu, kisha akamkaribisha ndani. Mukhisa aliketi kwenye kiti cha kitambaa na tope lake, akapewa mursik. Aliinywa yote.

Jumatatu gari liliwaka. Wiki iliyofuata basi la shule ya jirani lilifika kwenye uwanja wa Matisi, halafu jingine, na Kibiwott akasema daktari sasa amepata wadi. Mukhisa alicheka na wenzake. Alikuwa amepata alichokitaka, na kwa siku kadhaa kilikuwa na utamu.

Kisha Hillary akaja. Alikuwa amekuja kuona kile chumba cha nyuma ya mshona viti, na njiani alimpigia mwalimu simu kumuuliza gari linaendeleaje. Alijibiwa kwa adabu ya kumkata mtu. Aliposimama mbele ya banda hakuwa akicheka. Kwa Mukhisa lilikuwa jambo geni kuona uso ule bila kicheko, kama nyumba iliyoezuliwa.

"Mwalimu anasema niliacha gari kwa tatu."

Mukhisa aliendelea kusugua kibano cha betri kwa msasa. "Ndivyo mita ilisema."

"Ulingoja ilale?"

"Nilingoja."

Kibiwott aliacha kugonga. Mshona viti naye akaacha cherehani. Uwanja mzima ulikuwa ukiijua kanuni ya Mukhisa, kwa sababu alikuwa ameihubiri hapo kwa miaka.

"Bakoki," Hillary alisema polepole, "nakuuliza kitu moja tu. Mwalimu alipokuja kuangalia, mlango ulikuwa umefungwa?"

Hapa ndipo mtu angeweza kugeuka. Njia ilikuwa wazi, na aliyeuliza alikuwa tayari kusamehe. Ilisikika kwenye lile neno bakoki, alilolitanguliza kama mkono. Mukhisa angesema tu, nilikosa. Angeaibika mbele ya uwanja kwa siku moja, angepanda Saboti kumweleza mwalimu, basi. Lakini aliona mabasi yakigeuka kurudi yalikotoka, akamwona Hillary kwenye kiti cha kitambaa.

"Sikumbuki," alisema.

Hillary alimtazama usoni. Mtu mliyesimama naye mbele ya kisu unaijua sura yake anapoogopa, kwa maana siku ile mliiona ninyi wawili tu, mkawaficha wengine. Hillary aliiona sasa.

"Sawa, fundi," alisema.

Akaondoka bila kwenda kuona chumba.

Nelima alipata habari kutoka kwa mke wa mshona viti. Jioni aliweka ugali na sukumawiki mezani, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Derrick, vile viazi vya Saboti vilikuwa wapi siku ile? Ulirudi na mfuko mtupu."

"Havikuwa vizuri."

"Najua," Nelima alisema, na hakulitaja tena jambo hilo. Lakini tangu siku hiyo hakumsifu mumewe kwa kazi yake, wala mbele ya watu wala chumbani, na Mukhisa alilitambua hilo.

Miezi ilipita kabla hajapata moyo wa kushuka Bungoma. Alikwenda siku ya kazi, akamkuta Hillary Kanduyi, kichwa ndani ya lori. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno yakipangwa na kupanguliwa. Hillary alitoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akampangusia kiti.

"Karibu, fundi. Habari ya Kitale?"

"Nzuri. Bakoki, nimekuja..."

"Mvua imenyesha huko? Hapa mahindi yamesimama tu."

"Imenyesha. Hillary, ile siku ya Saboti..."

"Ngoja nikuagizie chai." Akaagiza chai, ikaja na mandazi, na Hillary akamsimulia bei ya mbolea, na harusi ya dada yake, na jinsi barabara ya Malakisi ilivyoharibika. Alikuwa mkarimu. Alisimama kila mara kumhudumia mteja, akirudi aliomba radhi kwa kumweka. Kila Mukhisa alipofungua mdomo kusema alichokuja kukisema, Hillary alimjazia kikombe. Hakumfukuza wala hakumtukana. Alimtendea kama fundi anavyomtendea mgeni wa heshima kutoka mji mwingine, na alipoinuka kuondoka, akamsindikiza mpaka barabarani na kumtakia safari njema. Kule kwao, mgeni hupewa haya yote. Bakoki huwa hapewi. Bakoki huambiwa, keti hapo chini, umechelewa wapi, mjinga wewe.

Mukhisa alirudi Kitale na maneno yake yote ndani.

Aliendelea kuwa fundi mzuri. Hakuivunja tena kanuni yake, na mabasi ya shule za Saboti aliyatunza mpaka umri ulipomlemea. Walipokutana na Hillary kwenye matanga Malakisi walisalimiana vizuri, habari ya kazi, fundi, nzuri, na wewe. Gari likimshinda hakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Dakika zile chache za mlango ulioegemezwa zilimgharimu bakoki mmoja. Rafiki mtu anaweza kumpata ukubwani, hata akiwa na mvi. Bakoki hapatikani tena.